Namna ya Kupeleka Lalamiko la Maadili Dhidi ya Mtoa Huduma za Afya Tanzania Bara

Mtu aliyetukanwa na muuguzi wodini, aliyedaiwa fedha za pembeni kabla mgonjwa wake hajaingizwa chumba cha upasuaji, au aliyesikia majibu ya vipimo vyake yakisimuliwa mtaani, mara nyingi hunyamaza akiamini kwamba hakuna wa kumsikiliza, au hufoka mapokezi mpaka mlinzi amtoe nje. Kwa vyovyote vile mkosaji hubaki alipokuwa. Serikali imekwisha kuandika mienendo inayotakiwa kwa watumishi wa afya na imeunda vyombo vya kuisimamia, lakini vyombo hivyo ni vingi na kila kimoja kina mipaka yake, kwa hiyo barua iliyopelekwa pasipo pake hukaa kwenye jalada bila kuguswa. Kazi kubwa ya mlalamikaji, kabla ya kutafuta kalamu, ni kuligawa lalamiko lake kulingana na mwenye mamlaka juu ya kila kipande.

Kabla ya yote, hifadhi ushahidi. Siku ileile, au usiku uleule, andika tarehe, saa, wodi au chumba, jina au walau cheo cha kila aliyehusika, maneno yaliyosemwa kama ulivyoyasikia, na majina ya waliokuwa karibu. Tunza kadi ya kliniki, fomu ya rufaa, cheti cha dawa, majibu ya maabara na risiti zote. Katika vituo vya umma malipo halali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontro namba, na hutolewa stakabadhi. Ukiambiwa utoe fedha mkononi bila namba hiyo, andika kiasi, saa na mahali ulipoitoa, maana hapo lalamiko lako limeanza kugusa jinai. Ikiwa mgonjwa amefariki na ndugu wana shaka ya kweli juu ya kifo hicho, toeni taarifa polisi na kuomba uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Najua ni jambo zito kulizungumza msibani, na wazee wengi watasema marehemu asisumbuliwe, lakini kufukua kaburi baadaye kunahitaji amri ya mahakama, na mwili uliokaa ardhini huficha mengi.

Baada ya hapo jiulize swali ambalo wengi hulikwepa: je, kilichotokea ni kosa la maadili, au ni matokeo mabaya ya ugonjwa? Mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa daktari aliyefanya kila lililowezekana, na mwingine akapona mikononi mwa tabibu aliyemdhalilisha na kumdai hongo. Baraza la taaluma halipimi uchungu wa familia. Hupima kama mwanataaluma alitenda kama ambavyo mwenzake mwenye elimu na mazingira yaleyale angepaswa kutenda. Kwa hiyo lalamiko linalosema "walimuua mama yetu" lina nguvu ndogo kuliko lile linalosema kwamba mgonjwa alifikishwa saa nne usiku akitokwa na damu, muuguzi wa zamu aliarifiwa mara tatu, na hakuna aliyempima hadi saa nane. Kama kifo ni cha mama mjamzito au mzazi, huenda ukaambiwa kwamba kituo kimekwisha kufanya uhakiki wa kifo hicho. Uhakiki huo upo kwa ajili ya watumishi kujifunza kilichokwenda kombo bila kunyoosheana vidole, na haushiki nafasi ya lalamiko lako.

Makosa yanayoangukia waziwazi upande wa maadili yanafahamika. Kumfanyia mtu upasuaji bila ridhaa yake, au bila ridhaa ya mzazi au mlezi ikiwa ni mtoto, pasipo dharura inayohatarisha maisha, ni mojawapo. Kufichua siri ya mgonjwa ni jingine, na kwa upande wa Virusi vya UKIMWI sheria ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe, na inalinda usiri wa majibu. Mabadiliko ya mwaka 2019 yalishusha hadi miaka 15 umri wa mtu kuridhia mwenyewe kupimwa. Taarifa za afya zimo pia katika kundi la taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mtumishi anayepiga picha faili la mgonjwa na kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp anaweza kushitakiwa hata mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lugha ya matusi, kipigo chumba cha kujifungulia, kumtelekeza mgonjwa, kufanya kazi ukiwa umelewa na kutoa huduma bila leseni hai vyote vimo humo. Foleni ndefu, ukosefu wa dawa na kitanda kimoja kulaliwa na wagonjwa wawili si makosa ya mtumishi aliye mbele yako, ingawa ndiye unayemwona. Hayo ni ya uongozi na bajeti, na yaandikiwe barua yake peke yake.

Sasa tafuta wenye mamlaka. Wananchi wengi humwita "daktari" kila mwenye koti jeupe, lakini hapa tofauti ya kada ndiyo inayoamua barua iende wapi. Madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi wanasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria Namba 11 ya mwaka 2017, na katika hao wataalamu shirikishi wamo matabibu, ambao ndio hasa wanaotibu katika zahanati nyingi za vijijini. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, lililo chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mfamasia na maduka ya dawa, pamoja na yale yanayoitwa maduka ya dawa muhimu, yako chini ya Baraza la Famasi, ila dawa bandia au iliyoharibika yenyewe hupelekwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wataalamu wa maabara nao wana baraza lao. Hata mganga wa tiba asili hayuko nje ya sheria, kwani tangu mwaka 2002 kuna sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala yenye baraza lake. Kituo binafsi kikiwa ndicho chenye kasoro, kwa mfano kinaendeshwa bila usajili au kinatoa huduma zisizoruhusiwa kwa ngazi yake, bodi ya ushauri ya hospitali binafsi ndiyo yenye kusajili na kufunga.

Kama ulishirikishwa katika utafiti wa dawa au chanjo na hukuelezwa hatari zake, au ulizuiwa kujitoa, njia ni tofauti kabisa. Utafiti wa afya kwa binadamu nchini unatakiwa kuwa na kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, ndiyo yenye kamati ya kitaifa inayotoa vibali hivyo. Fomu ya ridhaa uliyosaini inapaswa kuonyesha namba ya kamati ya kuwasiliana nayo. Ndiyo maana usikubali kusaini bila kubaki na nakala.

Wazanzibari watambue kwamba afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na mabaraza yake, na barua iliyoelekezwa Dodoma kuhusu hospitali ya Unguja au Pemba itarudishwa tu.

Baraza la taaluma linashughulika na leseni ya mtu, likiwa na uwezo wa kuonya, kukaripia, kusimamisha kwa muda au kufuta jina katika rejista. Halimfukuzi mtumishi kazi, halimfungi jela na halikulipi fidia. Mwajiri ndiye mwenye nidhamu ya kazi, na kwa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya mwajiri ni halmashauri, ambayo iko chini ya TAMISEMI na si Wizara ya Afya. Hongo ni ya TAKUKURU, ambao hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113, na ikiwa kilichodaiwa ni ngono badala ya fedha, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo waziwazi katika kifungu cha 25. Kipigo na kujeruhi ni kazi ya polisi. Fidia ni kazi ya mahakama. Tukio moja linaweza kuzaa barua tatu, na hakuna ubaya, mradi kila barua izungumzie kile tu ambacho mpokeaji wake anaweza kukiamua.

Kwa makosa ya kawaida ya lugha na uzembe, anzia chini. Muone Mganga Mfawidhi wa kituo au afisa ustawi wa jamii, ambaye katika hospitali nyingi ana ofisi na hupokea malalamiko kila siku. Nisikufiche: sanduku la maoni lililotundikwa ukutani sina imani nalo sana, hasa ukiona kufuli lake limeshika kutu. Usipopata jibu, panda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha Mganga Mkuu wa Mkoa. Kwa kosa zito, kama kuhujumu mwili wa mgonjwa au kifo kilichotokana na kutelekezwa, huna sababu ya kupanda ngazi moja moja; andikia baraza moja kwa moja na umpe nakala Mganga Mkuu wa Mkoa.

Barua yenyewe iwe fupi. Niliwahi kumsaidia jirani aliyekuwa ameandika kurasa sita za machozi, laana na aya za maandiko matakatifu, ambazo hazikujibiwa kwa miezi. Tuliziandika upya katika ukurasa mmoja na nusu, na akaitwa kuhojiwa. Anza na jina lako, anwani, simu na uhusiano wako na mgonjwa, kisha jina la mtumishi, kada yake na kituo. Kama huna uhakika wa jina, taja cheo, zamu na tarehe, na kituo kitamtambua kupitia orodha ya zamu. Eleza tukio kwa mpangilio wa saa. Tenganisha ulichokiona mwenyewe na ulichoambiwa. Malizia na unachoomba. Sehemu ya katikati inaweza kusomeka hivi:

"Tarehe 3 Machi, saa tano asubuhi, nikiwa na mke wangu katika wodi ya wazazi, muuguzi wa zamu alitutaka tutoe shilingi elfu thelathini ili ahudumiwe. Nilipoomba namba ya malipo alinijibu kwamba fedha hizo hazina namba. Mke wangu hakuhudumiwa hadi saa tisa alasiri, zamu ilipobadilika. Mama wa kitanda cha jirani alisikia mazungumzo hayo na yuko tayari kuhojiwa. Ninaomba Baraza lichunguze mwenendo huu. Suala la fedha nimeliwasilisha TAKUKURU kwa barua ya siku hii."

Zingatia kwamba aya hiyo haina neno "mnyama" wala "muuaji". Matusi humpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu matusi badala ya tukio. Epuka pia kuitumia barua kama fimbo ya kudai fedha pembeni, kwa kumwambia mtumishi kwamba utaifuta akikulipa, kwa sababu hapo wewe ndiye utakayekuwa na kesi.

Barua zisizo na jina hupokelewa mahali pengine kama taarifa za siri, hasa TAKUKURU, lakini baraza litahitaji shahidi wa kumhoji, na mtuhumiwa ana haki ya kujua anatuhumiwa nini na kujitetea. Anayeogopa kwa sababu bado anatibiwa kituo kilekile aseme hivyo ndani ya barua, na aombe rufaa ya kuhamishiwa kituo kingine wakati uchunguzi ukiendelea. Peleka barua kwa mkono ikiwezekana, ukiwa na nakala ya pili ya kugongewa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala halisi za vyeti usizitoe, toa vivuli.

Kwa anayetaka fidia, saa inakwenda tangu siku ya tukio. Madai ya madhara yatokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kama mlalamikiwa ni hospitali ya serikali au halmashauri, sheria inadai notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Watu wengi husubiri baraza limalize kwanza, wakidhani kwamba uamuzi wake utasimamisha hesabu ya muda. Usiutegemee. Asiye na uwezo wa wakili atafute watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, akiwa na jalada lake lote mkononi.

Ukikaa mwezi bila kusikia lolote, andika barua ya kukumbushia ukitaja tarehe ya mhuri na kumbukumbu namba kama ulipewa. Ukiitwa kuhojiwa, nenda na mashahidi wale tu walioona kwa macho yao. Na uamuzi ukitoka usioridhika nao, omba upewe kwa maandishi pamoja na sababu, na uulize siku hiyohiyo rufaa inakwenda kwa nani na ndani ya siku ngapi, kabla hujatoka nje ya jengo.