Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuonyesha Chaji Ndani ya Kopo la Chuma

Mwalimu wa fizikia mkoani Kigoma anayetaka kuwaonyesha wanafunzi namna chaji inavyoamshwa, yaani inavyotokezwa na chaji nyingine iliyo karibu bila kugusana, kwenye chombo cha chuma chenye uwazi ndani hana budi kuanza kwa kutazama hali ya hewa, kwani hakuna kinachoharibu jaribio hili kama unyevu. Mwezi Juni hadi Agosti mchana huwa mkavu. Lakini majira ya mvua, hasa katika shule zilizo kando ya Ziwa Tanganyika, utando mwembamba wa maji hutanda juu ya kioo na plastiki, na chaji huvuja kupitia hapo kabla majani ya elektroskopu, kifaa chenye vijani vyepesi vya chuma vinavyoachana vikipata chaji, hayajafunguka vizuri. Vifaa hivyo na vianikwe juani, kisha vitumike mara moja.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alipofanya jaribio hili mwaka 1843 alitumia ndoo ya kuwekea barafu. Kopo la maziwa ya unga linatosha kabisa. Liwe na kina kuzidi upana wa mdomo wake, kwa sababu mpira wenye chaji ukikaa karibu na mdomo, sehemu ya uga wake wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya chaji yake huhisika, hutoroka nje na chaji inayoamshwa haiwi sawa na ile ya mpira. Kopo lililokuwa na mawese lioshwe kwa sabuni hadi mafuta yaishe, na kama ndani limepakwa rangi, likwanguliwe mahali mpira utakapogusa.

Vihami, yaani vitu visivyopitisha chaji, ndivyo vinavyostahili uangalifu mkubwa kuliko kopo lenyewe. Kopo likalishwe juu ya vipande vinene vya mshumaa, si juu ya ubao, ambao huonekana mkavu huku ukipitisha chaji taratibu. Mpira wa tenisi ya meza, uliofunikwa kwa karatasi ya alumini iliyolainishwa ili isiwe na ncha za kuvujishia chaji, uning'inizwe kwa mshipi wa nailoni wa wavuvi, ambao Kigoma haukosekani. Waya mmoja uunganishe upande wa nje wa kopo na elektroskopu. Kabla ya kuanza, kopo liguswe kwa kidole ili liwe halina chaji, na majani yahakikishwe kuwa yamelala.

Mwalimu pia awe na uhakika wa maelezo yake, maana hapa wengi huteleza. Ni kweli kwamba ndani ya uwazi wa kipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kama chuma, uga ni sifuri wakati chaji zote ziko nje. Ndiyo maana Faraday, mwaka 1836, aliweza kukaa ndani ya chumba kilichozungushiwa kipitishi chenye chaji bila vyombo vyake kuonyesha chochote. Lakini mpira wenye chaji chanya ukiingizwa ndani, ukuta wa ndani hupata chaji hasi iliyo sawa nayo na ukuta wa nje hubaki na chanya ya kiasi kilekile, hivyo uga huonekana nje. Kopo lisilounganishwa na ardhi halifichi chaji iliyo ndani yake. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba "chuma huzuia umeme" atashindwa kueleza majani yanayofunguka mbele yake.

Mwisho, mpangilio wa hatua uamuliwe mapema. Mpira ukiwa ndani bila kugusa, usogezwe huku na huku: majani yasibadilike. Kisha uguse kuta za ndani. Yakibaki vilevile, na mpira ukitolewa ukakutwa hauna chaji, usawa wa chaji ya mpira na ile iliyoamshwa umethibitika. Mwenye kutaka njia ya pili asigusishe mpira, bali aguse kopo kwa nje kwa kidole, majani yalale, aondoe kidole kwanza ndipo atoe mpira. Majani yatafunguka tena, safari hii kwa chaji iliyo kinyume na ya mpira. Akitoa mpira kabla ya kidole, chaji hiyo itakimbilia ardhini na hapatakuwa na cha kuonyesha.