Kukagua majitaka ya kiwanda kwa kufuata kibali, navyofanya mimi huku Mtwara

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi mnaniuliza kila siku ukifika kiwandani unaanzia wapi, maana chuoni tumekaririshwa BOD (oksijeni ambayo vijidudu vinahitaji kuozesha uchafu ulio kwenye maji) na COD (oksijeni inayohitajika kuumaliza uchafu huo kwa kemikali) mpaka basi, ila hakuna aliyetuambia mlinzi anaweza kukukalisha kwenye benchi getini dakika arobaini na huko ndani kuna mtu ameshafungua bomba la maji safi mtaroni kuzimua majitaka. Halafu huku kwetu ukisema kiwanda watu wanawaza gesi ya Madimba au saruji, kumbe hata wadogo wana mtaro unaotoka nje, wabanguaji wa korosho, wasindikaji wa pweza na samaki. Nawaelekeza navyofanya mimi.

Hatua ya 1: kisome kibali, ukisome kweli

Kibali cha kutiririsha majitaka kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde, kwetu sisi ni Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Usikimbilie jedwali la viwango. Angalia kwanza maji yameruhusiwa kutokea wapi, na mita za ujazo ngapi kwa siku. Ukishajua hivyo ndo uje kwenye namba. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za 2007, zile zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD 60, chembechembe zinazoelea 100, pH (kipimo cha uasidi) iwe 6.5 mpaka 8.5, joto nyuzi 20 mpaka 35. Zikariri hizo. Kibali kikiwa na sharti kali zaidi unafuata la kibali.

Hatua ya 2: jua maji yanakupwa saa ngapi

Hapa nilishaaibika. Kuna kiwanda kimoja, sikitaji, mtaro wake unamwaga kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko, mimi nikafika saa kumi jioni nimevaa buti na glavu mpya, nikachota chupa zangu zote nikajiona fundi. Pembeni kulikuwa na mzee anatengeneza nyavu. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama weee, mwisho akasema, "Mwanangu, hayo unayochota ya bahari. Leo bamvua. Rudi maji yakipwa." Nikaona mzee ananichelewesha tu. Wiki iliyofuata dada wa maabara ananipigia, "Kaka, hii ni majitaka au umeniletea maji ya bahari?" BOD ilikuwa chini utadhani ya kunywa, COD imepaa juu bila mpango, kwa sababu chumvi ikizidi inavuruga kile kipimo cha COD. Kumbe mita yangu ya chumvichumvi siku ile ilisoma mikrosiemensi 38,000 kwa sentimita na mimi niliandika kwenye daftari bila kujiuliza, wakati bahari yenyewe inasoma kama 50,000. Yani nilikuwa na jibu mkononi.

Kwa hiyo sikuhizi naangalia jedwali la maji kupwa na kujaa kabla sijaita bodaboda, na siku za bamvua, zile ambazo maji yanajaa na kupwa sana, naongeza umakini maana bahari inapanda mpaka ndani ya bomba. Ikishindikana kabisa nachota kwenye chemba ya mwisho ndani ya uzio, ila naandika kwenye fomu kwamba nimechota hapo na kwa nini.

Hatua ya 3: tembea kutoka ndani kwenda nje

Usianzie kwenye bomba la mwisho. Anza pale maji yanapochafukia, fuata mtaro kwa miguu, kila chemba omba ifunguliwe. Unatafuta bomba ambalo halipo kwenye mchoro, kawaida liko nyuma ya choo au chini ya maganda. Kwa korosho muulize boila inamwagwa saa ngapi na korosho zinachemshwa zamu gani, maana ukifika saa ya kufagia utapima maji ya kufagilia. Na lundo la maganda lililoachwa nje ukiliona usilipite. Mvua zetu zikishaanza huku mwishoni mwa mwaka ni mpaka Aprili au Mei, zinaosha yale mafuta ya maganda kuelekea mtaro wa mvua, ambao kwenye kibali hautajwi kabisa. Mtoto yeyote wa huku aliyewahi kuchoma korosho anajua yale mafuta yanavyobabua ngozi, sasa fikiria yakifika kwa kaa na dagaa.

Hatua ya 4: pima mtiririko

Wengi wanairuka hii na ndo inayonikera. Namba ya maabara peke yake inadanganya, mtu akiwa na COD ya 240 akaichanganya na maji safi mara tatu yake anapata 60 na anafaulu, uchafu uleule umeenda baharini. Chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu, kinga bomba lote, rudia mara tatu. Tuseme inajaa kwa sekunde 16, hiyo ni lita 1.25 kwa sekunde, kiwanda kikimwaga saa 10 kwa siku ni mita za ujazo 45. Zidisha na COD 240 unapata kilo 10.8 kwa siku, hiyo kilo maji safi hayaipunguzi. Na ukikuta mita 45 leo wakati kibali kinasema 15, tayari una hoja kabla hata maabara hawajajibu.

Hatua ya 5: chota

pH na joto unapima palepale, usibebe maji kwenda kupimia ofisini, na mita ya pH uiseti asubuhi kwa dawa ya kusetia ya pH 7 na ya pH 4. Chupa ya BOD ijae mpaka juu isibaki hewa. Ya COD unatia asidi ya salfa mpaka pH ishuke chini ya 2, kwa hiyo usije ukabadilisha vifuniko. Ya mafuta lazima iwe ya kioo, na usiisuuze kwa maji unayopima, mafuta yatanata ukutani. Kama muda upo chota kila saa zamu nzima uchanganye, isipokuwa ya mafuta na ya vijidudu, hizo zinakwenda peke yake.

Hatua ya 6: barafu na fomu

Deli la barafu, lile la wauza samaki linatosha ila lioshe jamani. BOD inatakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 48, kwa hiyo kama maabara yako ipo Dar, zaidi ya kilomita 500, usichote Ijumaa. Andika lebo kabla chupa haijalowa. Sampuli gawa mbili, moja waachie wenye kiwanda, wasaini saa na mahali ulipochota. Wakikataa kusaini, andika wamekataa, na jina na cheo cha aliyekataa.