Kutengeneza gemu na wanafunzi kwa Jumamosi nane: mtumbwi, karabai na mwezi

Gemu hii tuliitengenezea Kigoma, wanafunzi sita na mimi, kwa laptopu tatu. Mchezaji ana mtumbwi mmoja, karabai moja na safari kumi za usiku za kuvua dagaa Ziwa Tanganyika. Naeleza tulivyofanya ili na wewe, uwe mwalimu au mwanafunzi mwenye wenzako wawili watatu, uanze Jumamosi ijayo.

Hatua ya 1: Tafuteni kitenzi kimoja

Wanafunzi wangu walitaka gemu ya mpira, Simba na Yanga, uwanja umejaa. Sikuwakatalia. Niliwauliza tu: kidole cha mchezaji kinafanya nini? Wakataja pasi, kukaba, kupiga kona, kubadilisha mchezaji. Tukahesabu: kila kimoja lazima kiandikwe, kichorwe na kijaribiwe, na Jumamosi ni nane. Wenyewe wakapunguza mpaka kikabaki kitenzi kimoja: kusogeza taa.

Kibandikeni ukutani. Wazo lisilokitumikia liandikwe kwenye daftari la gemu ya pili. Msilitupe, maana mwenye wazo akiona limeandikwa hutulia akafanya kazi.

Hatua ya 2: Ichezeni sakafuni kwanza

Kompyuta zibaki zimezimwa. Kwetu punje za mchele zilikuwa dagaa, kizibo cha soda kilikuwa mtumbwi, na duara la chaki mwanga wa taa. Mwanafunzi mmoja alikuwa ziwa: kazi yake kusogeza punje. Raundi ya tatu wote walikuwa wamechoka. Unasogeza, unavua, unasogeza, unavua. Hakuna cha kuamua.

Ndipo binti mmoja anayeishi Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, akasema, "Lakini mwalimu, mbalamwezi ikiwa kali baba haendi ziwani."

Sentensi hiyo ndiyo gemu yetu. Dagaa hukusanyika kwenye taa kwa sababu pande zote ni giza. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi hupoteza nguvu, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo wakishona nyavu. Tukaweka mwezi unaokua safari baada ya safari, na mafuta ya taa ya kununua. Sasa kila jioni mchezaji ana swali: niingie ziwani nichome mafuta kwa nusu ndoo, au nibaki mwaloni nishone wavu? Siku hiyo walibishana mpaka saa kumi na mbili jioni.

Siku hizi wavuvi wengi wana taa za sola, na tulilijua hilo. Tulichagua karabai kwa makusudi: mafuta yana gharama, na gharama ndiyo inayomfanya mchezaji afikiri. Kama hambishani sakafuni, msiende hatua inayofuata. Kompyuta haiwezi kuongeza utamu ambao haupo.

Hatua ya 3: Gawaneni kazi, na mteueni mratibu

Wawili waandike msimbo, wawili wachore, mmoja ashike sauti, mmoja awe mratibu. Mratibu si mtu wa ziada asiyejua kompyuta. Yeye ndiye mwenye ubao wa safu tatu, yaani bado, inafanyika na imekwisha, na ndiye anayesema "hili haliwezi kuisha, tulikate". Pia ndiye anayetunza nakala. Kila mnapomaliza, folda nzima inanakiliwa kwenye flashi mbili zenye tarehe ya siku hiyo. Umeme ulikatika tukiwa tunahifadhi faili, tukapoteza kazi ya Jumamosi nzima. Tangu siku hiyo sianzi somo bila kuona flashi zote mbili mezani.

Hatua ya 4: Visanduku vya kijivu

Tunatumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni ya bure, ina leseni ya MIT inayoruhusu yeyote kuitumia na kuigawa, na faili lake halifiki MB 200, kwa hiyo mtu mmoja akipakua, wengine wanapata kwa flashi. Haihitaji kusakinishwa: fungua zipu, bofya, inawaka. Toleo la 4 linahitaji kompyuta yenye OpenGL 3.3, yaani mfumo wa kuchora picha kwenye skrini. Laptopu ya zamani zaidi itumie toleo la 3, ila msimbo wake unatofautiana kidogo na huu.

Chagua aina ya uchoraji iitwayo Compatibility, ndiyo nyepesi. Tengeneza nodi (kipande cha gemu) ya CharacterBody2D, ipe umbo la mgongano (mpaka wake wa kugusana na vitu vingine) na kisanduku cha kijivu. Huo ndio mtumbwi. Upe skripti hii, yaani msimbo wake:

```
extends CharacterBody2D

const MWENDO = 120.0

func _physics_process(_delta):
    velocity = Vector2.ZERO
    if Input.is_mouse_button_pressed(MOUSE_BUTTON_LEFT):
        var kidole = get_global_mouse_position()
        velocity = global_position.direction_to(kidole) * MWENDO
    move_and_slide()
```

Kwenye simu, kidole huhesabiwa kama kipanya, kwa hiyo msimbo huu unafaa pande zote mbili. Dagaa ni nodi ya kawaida inayouliza kila mara kama iko ndani ya mwanga:

```
extends Node2D

var mtumbwi
var mwezi = 0.0

func _physics_process(delta):
    var mwanga = 160.0 * (1.0 - mwezi)
    var umbali = global_position.distance_to(mtumbwi.global_position)
    if umbali < mwanga:
        global_position = global_position.move_toward(
            mtumbwi.global_position, 40.0 * delta)
```

`mtumbwi` hujazwa na skripti inayowazalisha dagaa. `mwezi` ni sifuri usiku wa giza na moja mwezi ukiwa mpevu. Ukifika moja, mwanga unakuwa sifuri na hakuna dagaa anayesogea. Maneno ya baba wa Kibirizi yameingia kwenye mstari mmoja wa hesabu, na wanafunzi walipouona ukifanya kazi walinyamaza kabisa.

Hapa pana kosa ambalo karibu kila kundi hulifanya. `delta` ni muda uliopita tangu hesabu ya mwisho, kwa kawaida sekunde 1 gawanya kwa 60. Kwa dagaa tunazidisha mwendo kwa `delta` wenyewe. Kwa mtumbwi hatuzidishi, kwa sababu `move_and_slide` inafanya hivyo yenyewe. Ukizidisha tena, mtumbwi utakwenda pikseli 2 kwa sekunde badala ya 120, nawe utadhani gemu imeganda.

Hatua ya 5: Mwite mgeni, kisha ufunge mdomo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ngumu zaidi kwa wanafunzi. Leteni mtu ambaye hajaiona gemu, mpeni simu au kipanya, na asiongee yeyote isipokuwa yeye. Mmoja aandike: alisita wapi, alibofya nini kisichobofyeka, alisema nini.

Wageni wetu wanne wa kwanza waliukimbiza mtumbwi huku na huko, dagaa wakaachwa nyuma. Sisi tulijua kwamba mvuvi hutulia, wao hawakujua. Mwanafunzi mmoja alianza kueleza, nikamzuia, maana hatakuwepo kila gemu inapofunguliwa. Tuliongeza kitu kidogo: mtumbwi ukitulia, duara la mwanga linatanuka polepole. Mgeni wa tano aligundua mwenyewe ndani ya nusu dakika.

Hatua ya 6: Picha na sauti

Sasa ndipo wachoraji wabadilishe visanduku. Pikseli 32 kwa 32 zinatosha. Rangi zisizidi nane. Sauti tulizirekodi kwa simu mwaloni Kibirizi asubuhi dagaa wanapoanikwa, kitambaa chepesi kikiwa juu ya maikrofoni kuzuia upepo, tukazikata kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti.

Hatua ya 7: Itoeni kwenye simu

Kutoa faili la APK, yaani la kusakinisha gemu kwenye simu ya Android, kunahitaji violezo vya Godot vya kutolea gemu, OpenJDK 17 (vifaa vya lugha ya Java) na vifaa vya Android. Hapo ndipo bando huisha, basi pakueni kwenye kompyuta moja tu. Jaribuni kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote mlizonazo. Kwetu ilikwama dagaa wakifika 200. Tukashusha hadi 80 na kila dagaa mmoja tukamchora kama kundi dogo; ikakimbia vizuri, na hakuna mchezaji aliyeuliza wengine wamekwenda wapi.