Kutuma pawabenki kwa ndege bila mzigo kurudishwa

Mizigo mingi ya pawabenki hukwama uwanjani kwa kosa moja: mtumaji kaiandika kama kifaa. Pawabenki ni betri, hata ikiwa na tochi na kioo cha asilimia. Namba yake ya Umoja wa Mataifa (UN) ya bidhaa hatari ni UN3480. UN3481 ni ya simu au kompyuta mpakato yenye betri ndani, au betri iliyofungwa pamoja na kifaa chake. Ukikosea hapo, lebo, karatasi na hata aina ya ndege vitakosewa vyote.

1. Piga hesabu ya Wh (saa-wati, yaani nishati inayobebwa na betri): zidisha Ah (saa-ampea, yaani mAh gawanya kwa 1,000) kwa volti. Tumia volti ya seli, kwa kawaida 3.7, siyo 5 ya tundu la USB. Pawabenki ya mAh 20,000 ni Ah 20, mara 3.7 ni Wh 74. Ya mAh 30,000 ni Wh 111. Ikishavuka 100 inaingia Sehemu IA ya kanuni za ufungashaji za IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani), inayodai katoni zilizojaribiwa na kupigwa chapa ya UN. Hatua zinazofuata ni za Sehemu IB, yaani zisizozidi Wh 100.

2. Dai kwa muuzaji muhtasari wa UN 38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri za lithiamu. Modeli kwenye karatasi ifanane herufi kwa herufi na iliyochapwa kwenye betri. Muuzaji asiye nao, achana naye.

3. Shusha chaji hadi 30% au chini. Ni lazima tangu 1 Aprili 2016, siku ambayo pia UN3480 zilizuiwa kubebwa kama shehena kwenye ndege za abiria. Seli ikipata shoti huchemka na kuipasha ya jirani, nayo ya tatu. Haloni, gesi ya kuzimia moto ndani ya ndege huua miali, lakini haikati mnyororo huo. Chaji ikiwa ndogo, joto la kurithishana nalo huwa dogo.

4. Funga kila moja peke yake, ifunikwe pande zote. Betri za simu zisizo ndani ya kifaa zibandikwe tepu isiyopitisha umeme kwenye ncha. Katoni iwe ngumu, zisicheze ndani, ihimili kuanguka kutoka mita 1.2. Kikomo ni kilo 10 za betri kwa katoni.

5. Bandika tatu: lebo ya Daraja la 9 la bidhaa hatari yenye picha ya betri, alama ya betri za lithiamu yenye ukingo wa mistari myekundu na namba UN3480, na ile ya rangi ya chungwa ya ndege ya mizigo tu. Lebo isikunjwe kwenye kona. Katoni ya mtumba? Ondoa lebo zote za zamani.

6. Tamko la bidhaa hatari lijazwe na mwenye mafunzo ambayo hayajapita miezi 24.

Betri iliyovimba au iliyopasuka haipandi ndege yoyote. Itoe kabla ya kupima uzito. Na usilipie nafasi kabla ya kuuliza shirika lenyewe, maana linaweza kuweka masharti makali kuliko ya IATA, na yapo yasiyopokea UN3480 kabisa.