Kutafuta kwa mfano: orodha, picha na sauti

Kuna vitu visivyotafutika kwa maneno. Umetumiwa picha ya maporomoko ya udongo kwenye WhatsApp na hujui ilipigwa wapi wala lini. Kwenye teksi ya Mukono unapigwa wimbo usioujua jina. Una orodha ya wanachama 3,000 wa SACCO na unawataka wale tu wenye sifa kama za huyu mmoja. Hapo unaipa kompyuta mfano, nayo inakutolea vinavyofanana nao.

Kabla ya kutafuta chochote, jiulize: mashine hii inalinganisha nini? Jedwali hulinganisha kilichoandikwa ndani ya seli, herufi kwa herufi. Picha hulinganishwa kwa mpangilio wa mwanga, giza na maumbo, na wimbo kwa sauti zinazojitokeza juu ya nyingine. Mfano usiolingana na kile mashine inachokiangalia hautaleta kitu, hata kama unachokitafuta kimo humo.

Orodha na majedwali

Mbinu ya kutafuta kwa mfano kwenye majedwali ilianzishwa na Moshé Zloof wa IBM katikati ya miaka ya 1970. Badala ya kuandika amri ndefu, unajaza jedwali tupu lenye vichwa vilevile vya jedwali la data. Leo imo ndani ya programu za hifadhidata za Access na LibreOffice Base, na wazo lake limo hata kwenye Excel, ambayo ndiyo ofisi nyingi za vyama vya akiba hutumia.

Tuseme orodha yako ina safu za Jina, Simu, Wilaya, Zao na Mkopo. Nakili vichwa unavyovihitaji na uvibandike mahali patupu, juu ya orodha au pembeni. Usiviandike upya kwa mkono, maana nafasi moja iliyojificha baada ya neno "Wilaya" inatosha kuharibu kila kitu. Chini ya vichwa hivyo weka mfano:

| Wilaya | Zao | Mkopo |
|---|---|---|
| Masaka | Robusta | >500000 |
| Mbale | Arabika | |

Yaliyo kwenye mstari mmoja lazima yatimie yote pamoja. Mistari tofauti ina maana ya "au". Seli tupu ina maana ya "chochote". Kwa hiyo hapa umeomba wakulima wa robusta wa Masaka wenye mkopo unaozidi shilingi 500,000, pamoja na wakulima wote wa arabika wa Mbale, wawe na mkopo wa kiasi chochote.

Sasa bofya seli yoyote ndani ya orodha, fungua menyu ya Data, kisha Advanced. Kwenye List range hakikisha orodha yote imeshikwa. Kwenye Criteria range chagua vichwa vya mfano na mistari yake miwili tu. Ukitaka majibu yakae kando bila kugusa orodha, chagua Copy to another location.

Watu wengi hukwama hapo kwenye Criteria range. Ukichagua mstari mmoja wa ziada ulio mtupu, orodha nzima inarudi, kwa sababu mstari mtupu unasema "chochote" na mistari inaunganishwa kwa "au". Ukiona majibu mengi kupita kiasi, angalia hilo kwanza.

Majina yana shida yake. Ukiandika Kato, Excel inakuletea na Katongole, kwani inachukua kila kinachoanza na herufi hizo. Ukimtaka Kato peke yake, andika kwenye seli ="=Kato". Kwa majina yanayoandikwa namna mbili, nyota inasimama badala ya herufi zozote, hata kama hakuna: Was*wa inawashika Waswa na Wasswa kwa pamoja. Alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja tu, na inafaa sana pale makarani walipochanganya L na R: Ki?ya inawapata Kirya na Kilya.

Fedha na simu zichunguzwe kabla ya kulaumu mfano. Mkopo ulioandikwa "500,000/=" ni maandishi, si namba, hivyo >500000 haiwezi kuuona. Ondoa "/=" kwa Find and Replace, halafu hakikisha seli zimegeuka kuwa namba. Simu ni kinyume chake: ikihifadhiwa kama namba, sifuri ya mbele inapotea, na utafutaji kama 772* hautafanya kazi kwa sababu nyota haifanyi kazi kwenye namba. Safu ya simu iwe maandishi tangu mwanzo, na wote waandike kwa mtindo mmoja, ama 0772 ama +256772.

Ukitaka mikopo iliyo kati ya 500,000 na 1,000,000, weka kichwa cha Mkopo mara mbili, safu mbili jirani, na mstari mmoja uwe na >=500000 na <=1000000. Ukitaka majibu yaende kwenye karatasi nyingine ya faili, anza kazi ukiwa kwenye karatasi hiyo ya majibu. Ukianzia kwenye data, Excel itakataa.

LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel, ni ya bure na inafuata kanuni ileile ya mistari. Ingia Data, More Filters, Advanced Filter. Kwa mpangilio wake wa kawaida Kato ni Kato tu, bila Katongole. Majedwali yakiwa mawili au zaidi, tuseme wanachama huku na malipo kule, hamia Base au Access. Zina gridi yenye mstari wa masharti na mistari ya "au" chini yake, na zinajua kuyaunganisha majedwali.

Picha

Ili kuelewa kwa nini picha hupatikana au hukosekana, chukua njia moja rahisi ya kuipa picha alama. Programu inaipunguza hadi vigae 9 kwa 8, inaondoa rangi, kisha inalinganisha kila kigae na jirani yake wa kulia: kipi kina mwanga zaidi? Majibu 64 ya ndiyo au hapana yanakuwa alama ya picha hiyo. Picha mbili zikitofautiana majibu machache tu, karibu hakika ni moja. Ukiipunguza picha au kuiongezea mwanga, alama haibadiliki sana. Ukiikata au kuigeuza kushoto-kulia, inabadilika kabisa. Mitambo mikubwa ina njia imara zaidi, lakini udhaifu huo ni vizuri kuukumbuka.

Kwa hiyo usipakie picha ya skrini yenye fremu ya WhatsApp na saa juu. Hifadhi picha yenyewe, kata maandishi yaliyobandikwa, na uhakikishe kila upande una pikseli 300 au zaidi. Kisha chagua chombo kulingana na swali lako. Tovuti ya TinEye hutafuta nakala na matoleo ya picha ileile. Google Lens hutafuta vitu vinavyofanana. Maporomoko ya maji ya Murchison yaliyopigwa kutoka pembe nyingine yatajulikana kwenye Lens, lakini TinEye haitasema kitu kama picha yako haijawahi kuwekwa mtandaoni.

Hii ni kazi muhimu kila mvua zinapokuwa kubwa Mlima Elgon. Picha ya maporomoko ya udongo ya Bududa ya 2010 au 2018 inaweza kurudi ikiitwa ya Bulambuli ya 2024. Kwenye TinEye panga majibu kuanzia la zamani zaidi. Tarehe unayoiona ni siku mtambo ulipoikuta picha, si siku ilipopigwa, lakini picha iliyokutwa 2011 haiwezi kuwa ya wiki hii. Ukikosa kabisa, kata kipande kimoja chenye utambulisho, kama bango la duka au paa la kanisa, ukitafute peke yake. Jaribu pia kuigeuza kushoto-kulia. Kwa video, ifungue kwenye programu ya VLC, isimamishe penye picha tulivu, ubonyeze Shift+S kuihifadhi picha hiyo.

Usipakie kwenye tovuti hizi picha za vitambulisho vya wanachama au sura zao. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na picha ya mtu ni data yake. Kwa maktaba ya picha za ofisi tumia digiKam, inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Iache kwanza itengeneze alama za picha zote, kisha iburutie picha ya mfano kwenye sehemu ya Similarity. Bila hatua hiyo ya kwanza haitapata hata nakala iliyo mbele yako.

Jani la muhogo nalo linaweza kuwa swali. Wakulima wa Uganda wamechangia maelfu ya picha za majani, zikapangwa na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge pamoja na maabara ya akili bandia ya Makerere katika makundi matano: magonjwa manne na majani yenye afya. Piga jani moja kwa karibu, bila jua kali linalofuta rangi. Lakini ugonjwa wa michirizi kahawia huweza kuozesha mizizi huku majani yakionekana karibu mazima, kwa hiyo hata programu ya kutambua magonjwa ikisema jani ni zima, ng'oa shina moja ukate mzizi uangalie.

Sauti

Shazam, programu ya simu ya kutambua nyimbo, inaangalia sauti zinazochomoza na nafasi kati yake, ndiyo maana kelele za barabarani haziisumbui sana. Isogeze simu kwenye spika uiache isikilize, na ukiwa huna bando itahifadhi sauti na kutafuta baadaye. Inatambua rekodi yenyewe, si wimbo. Bendi ikiupiga jukwaani, au DJ akiukimbiza, haitaujua. Hapo uimbe mwenyewe kwa mluzi au kwa mdomo kwenye programu ya Google, sekunde 10 hadi 15.

Kadongo kamu (nyimbo za gitaa za Uganda) za kanda za zamani mara nyingi hazimo kwenye hazina hizo. Andika mstari mmoja wa maneno ya Kiluganda uutafute YouTube kwa tahajia mbili tatu. Kwa folda ya nyimbo zisizo na majina, pakua programu ya MusicBrainz Picard, ziweke zote ndani, bonyeza Scan. Hakiki kila jina kabla ya kuhifadhi, kwa sababu Save inaandika ndani ya faili zenyewe.