Mtoto anapotishiwa kwa picha zake za utupu: sisi wa ustawi wa jamii tuanzie wapi

Usiombe kuiona picha. Wala usiirushe kwenye grupu la kazini eti ni ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 sidhani kama itakuonea huruma kwa kitambulisho chako cha ustawi.

Mimi, kabla ya kufungua daftari, humwambia mtoto: "Mwanangu, kosa si lako." Halafu naandika jina la akaunti, namba, tarehe na vitisho neno kwa neno. Asilipe, asifute mazungumzo.

Kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto. Take It Down, huduma ya bure ya mtandaoni, husaidia kuzuia picha isisambae: picha yenyewe haitoki kwenye simu, hutumwa alama yake ya kidijitali tu, kama alama ya kidole.

Mzazi akija na fimbo, zungumza naye kwanza, peke yake.