Mgonjwa anatapika damu: saa ya kwanza kwa muuguzi wa zamu Kanda ya Ziwa

Ukifanya kazi wodi ya magonjwa ya ndani Mwanza, Sengerema au Ukerewe, utampokea mtu mzima anayetapika damu, na utampokea tena. Huku ziwani chanzo kimojawapo kikubwa ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hunasa kwenye vijitawi vya mshipa unaopeleka damu kwenye ini, makovu yanajengeka, presha ya mshipa huo inapanda, bandama inavimba, na mishipa ya sehemu ya chini ya umio inatuna mpaka inapasuka. Anaweza kuwa mvuvi kijana asiyegusa pombe, macho hayana manjano, anaongea vizuri. Usimwache asubiri foleni.

Hatua ya 1: Njia ya hewa

Mlaze ubavu wa kushoto ili damu itoke nje, isiingie mapafuni. Vaa glavu, weka oksijeni, sogeza mashine ya kufyonza. Kilichomo kwenye beseni usikimwage kabla hujakadiria kiasi. Mabonge mekundu, au kitu kama unga wa kahawa, vimetoka tumboni. Damu nyekundu yenye povu inayokuja na kikohozi, fikiria mapafu, TB ikiwemo.

Hatua ya 2: Mapigo kwanza, presha baadaye

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu mzima anaweza kupoteza damu nyingi, hata zaidi ya lita moja, presha ya juu (namba ya kwanza, kama 110 kwenye 110/70) ikiwa bado haijashuka, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia. Presha ya 110/70 inatuliza roho za watu bila sababu.

Shika kiganja chake: ni cha baridi, kina jasho? Bonyeza ukucha sekunde 5, uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki pembeni. Hesabu mapigo kwa vidole dakika nzima, kisha gawanya kwa presha ya juu. Mapigo 124 kwa presha 110 ni 1.1. Ikifika 1 au kuzidi, huyo yuko hatarini hata kama anakujibu salamu.

Tahadhari moja kubwa: anayetumia propranolol, dawa inayopunguza mapigo ya moyo, anaweza kubaki na mapigo 70 huku damu inamwishia. Soma kadi yake, uliza ndugu. Kwake tegemea ngozi, mkojo na akili. Mgonjwa anayehangaika, anayetaka kushuka kitandani na kung'oa oksijeni, si mkorofi. Ubongo wake unakosa damu.

Hatua ya 3: Kanula mbili na damu ya maabara

Kanula ya kijivu au ya kijani, moja kila mkono, kabla mishipa haijalala. Hapohapo chukua damu ya kupima wingi wa damu, kundi na kuoanisha na damu atakayoongezewa. Pima na sukari. Kipimo cha kwanza cha wingi wa damu kinaweza kuonekana kizuri kwa sababu maji ya mwilini hayajapata muda wa kuizimua damu iliyobaki.

Hatua ya 4: Mwite daktari kwa maneno kamili

"Daktari, nina mwanaume wa miaka 38, ametapika damu mara mbili, mapigo 124, presha 110/70, viganja baridi, anahangaika. Kanula mbili ziko tayari, damu nimeomba. Naomba uje sasa hivi."

Wakati unamsubiri, muulize aliyemleta: "Mama, shikamoo. Choo chake kimekuwa cheusi tangu lini? Alikuwa anameza dawa gani za maumivu?" Wavuvi wengi wanaumwa mgongo, na diklofenaki ya dukani inachubua tumbo.

Hatua ya 5: Maji kwa kiasi, damu kwa uangalizi

Dripu ya Ringa au salini mililita 500 kwa kasi, pima upya, ndipo uamue na daktari kuhusu nyingine. Lengo ni presha ya juu ya 90 hadi 100. Ukimjaza maji kupita kiasi unapandisha presha ya mshipa uleule uliopasuka. Kwa kawaida damu huongezwa kipimo cha wingi wa damu (Hb) kikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita, kwa lengo la 7 hadi 8. Lakini anayemwaga damu mbele yako hasubirishwi namba. Dakika 15 za kwanza za kuongezewa damu usiondoke kitandani: tazama homa, kutetemeka, vipele, maumivu ya kiuno.

Hatua ya 6: Kila dakika 15

Mapigo, presha, upumuaji, akili. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60. Asile kitu. Sindano ya diklofenaki, hapana kabisa.

Akipelekwa hospitali ya Bugando au Sekou Toure, Mwanza, kutoka visiwani, piga simu kwanza, thibitisha kanula zote mbili zinapita, na muuguzi asafiri naye. Kwenye boti alazwe vilevile kwa ubavu.

Hatua ya 7: Akishatulia

Anahitaji endoskopi, kamera inayopitishwa kooni, ili mishipa ifungwe. Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600. Dawa inaua minyoo, ila makovu ya siku nyingi yanabaki, hivyo akiandikiwa propranolol asiikatishe kwa kujisikia mzima. Mwandikie kwenye kadi, na umweleze mkewe pia: choo kikiwa cheusi kama lami au kizunguzungu kikimpata anaposimama, aje siku hiyohiyo, hata usiku.